Namngoja Bwana, na mikorosho nimeiacha bila salfa

Shikamoo Shangazi, pole na kazi ya kutujibu sisi kila wiki. Nakusoma siku nyingi ila leo ndo nimepata nguvu ya kuandika, na naandika usiku wote wamelala kwahiyo nikichanganya maneno naomba unisamehe.

Mimi ni mama wa miaka 42, naishi Newala, kijiji naomba nisikitaje. Nimeolewa, tulijaliwa watoto watatu. Wa kwanza Mungu alimchukua mwaka juzi mwezi wa nane, alikuwa na miaka 20, alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu na kipindi cha mikorosho anatusaidia shamba, akapata ajali usiku barabara ya kwenda Masasi. Wamebaki wawili, binti yupo kidato cha pili na mdogo wa kiume ana miaka 9.

Kwenye msiba watu walijaa, sisi ni Waanglikana, kanisa lilikuja likaimba likachanga, Mungu awabariki wote. Ila baada ya arobaini kila mtu akarudi kwake na mimi nikabaki na usiku. Yaani mchana unapita, kuna maji kuna kuni kuna watoto, ila ikifika saa sita za usiku nasikia pikipiki mbali huko nakaa kitako kitandani.

Ndo jirani mmoja akanipeleka kwenye maombi, wanakutana kwa mtumishi mmoja Jumanne jioni na Ijumaa ni mkesha. Shangazi siwezi kukueleza ile raha. Pale habari kubwa ni kurudi kwa Bwana Yesu, tunasalimiana Maranatha, tunaimba za parapanda mpaka alfajiri. Mimi kanisani nimekulia, kipaimara nimepata, lakini sikuwahi kusikia habari hizo mtu anazisema kama kitu cha kesho. Mtumishi akisoma ile ya wafu kufufuliwa mimi naona kabisa mwanangu anasimama pale makaburini anajipangusa vumbi la suruali. Nikitoka pale nalala. Kwahiyo usiku wa Ijumaa ndo ukawa chakula changu.

Sasa tatizo. Mwezi wa tano mwaka huu mtumishi alisema kwenye mkesha kwamba kwa dalili alizoonyeshwa sisi tulio tayari korosho za mwaka huu hatutaziokota. Hakusema tarehe, alisema hivyo tu. Mimi nikaichukua moyoni. Tuna mikorosho 70 na kidogo, shamba la bibi mzaa mama. Mwaka jana baba watoto aliazima pampu ya jirani akapuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho. Mwaka huu pampu ya jirani mbovu, akasema basi achukue ile ya ndani, ipo pale kwenye kona alipoiweka marehemu mwenyewe na kitambaa chake cha kufunga puani bado kimefungwa kwenye mkanda. Nikasimama mlangoni nikamwambia hapana, Bwana yu karibu, tunahangaika na unga wa njano wa nini. Tukagombana sana. Salfa ya ruzuku tuliyopewa mifuko imekaa tu, maua yameanza kutoka na mengine naona yameshaingia ule weupe.

Baba watoto sasa hivi haniongeleshi, na nimesikia amechukua hela kwa mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijavunwa, ili binti arudi shule. Kula pia nimepunguza, nafunga kavu siku tatu kila wiki, na mwanangu huyu mdogo wa miaka 9 naye ameanza kufunga pamoja na mimi, anasema anataka amuone kaka yake. Juzi mtumishi akaniambia pembeni kwamba shamba linanifunga miguu, niliuze niitoe ile hela madhabahuni niwe mwepesi.

Mama yangu mzazi ni Muislamu, anakaa na sisi. Nilipomweleza hakugomba, alisema mwanangu hata sisi tunasubiri Nabii Isa ashuke, lakini hatujaacha kupalilia. Maneno hayo yamenikaa mpaka leo.

Shangazi mimi nakosea wapi, kumtamani Bwana ni dhambi? Mbona nikifikiria kuokota korosho naona kama namsaliti. Na kuna jingine sijamwambia mtu, siku nyingine nikiomba Njoo Bwana Yesu naomba aje usiku huo huo kwasababu asubuhi siitaki. Nisaidie.

Mngojaji, Newala

-----

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mwaka juzi, na pole ya usiku wote ulioupitia peke yako baada ya watu kukunja mikeka yao.

Nianze na hilo la mwisho maana ndo lililonifanya nisilale na mimi. Ulivyosema asubuhi huitaki, nakuuliza waziwazi kama mama, je kuna siku umewaza kujidhuru au kujiachia tu ufe na hiyo njaa? Kama ipo hata mara moja usinijibu mimi, mwamshe mama yako sasa hivi umwambie, yupo humo humo ndani, halafu asubuhi mwende hospitali na mtu wa kukushika mkono. Hospitali ya wilaya hapo Newala, au Ndanda, mwambie daktari maneno yale yale uliyoniandikia, tangu mwaka juzi silali, nafunga, asubuhi siitaki. Usione aibu, huzuni ikikaa muda mrefu bila kupumua inakuwa ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, inatibika, na kwenda hospitali hakukupunguzii imani hata robo.

La pili ni la leo leo pia. Huyo mtoto wa miaka 9 asifunge tena. Kesho asubuhi apikiwe uji, na wewe ukae unywe naye, kikombe kimoja kimoja, ili aone mama amekula. Mtoto anayefunga ili amuone kaka yake aliyekufa, mama, hebu yasome hayo maneno kwa sauti. Anakufuata wewe, hajui tofauti ya kumngoja Yesu na kufa. Unajua habari ya Shakahola, ule msitu wa Kilifi Kenya, mwaka 2023, redio zote zilisema. Watu waliambiwa wafunge wakamuone Yesu, na miili iliyofukuliwa pale ilizidi 400, watoto wengi. Simfananishi mtumishi wenu na mtu yeyote, simjui. Ila wale kina mama wa kule nao walikuwa wanampenda Mungu, walianza kwa kufunga na kuimba kama nyinyi, na mlango wa kuingilia ulikuwa ni huo huo.

Sasa tuje kwenye swali lako, kumtamani Bwana ni dhambi?

Hapana, hata kidogo, na mtu yeyote asikuambie hivyo, hata padri wako. Biblia nzima inafunga kwa ombi hilo hilo unaloomba wewe, Ufunuo 22:20, "Amina, na uje, Bwana Yesu," baada ya hapo ni neema tu na kitabu kimeisha. Na hiyo Maranatha mnayosalimiana si neno la kuanzishwa juzi, ni Kiaramu, Paulo ameliacha vilevile mwishoni mwa 1 Wakorintho, kwahiyo Wakristo wa kwanza kabisa walikuwa nalo mdomoni. Hata sisi wa makanisa ya zamani tunalo ila tumelizoea mpaka halituungui tena, kila Jumapili tunasema atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu, huku mwingine anaangalia saa. Na Majilio yale majuma manne kabla ya Noeli si ya kungoja mtoto wa horini peke yake, ni ya kungoja kurudi kwake pia, na kwetu huku yanaangukia minada ya korosho imepamba moto na mvua ndo zinaanza, watu wanahesabu kilo, hayo mahubiri nani anayasikia. Kwahiyo wewe kwenda kutafuta mahali ambapo habari hiyo inasemwa kama kitu cha kesho sikulaumu. Nalaumu sisi tuliokuachia usiku.

Mimi nimezaliwa Masasi chini ya ile milima ya mawe. Marehemu mama yangu alikuwa na gauni jeupe ndani ya sanduku la bati, lina harufu ya karafuu, hakuwahi kulivaa hata Pasaka, ukimuuliza anasema hilo la kumpokea Bwana. Kila baada ya mavuno analitoa analianika analikunja upya. Na alfajiri inayofuata jembe begani anakwenda kwenye mihogo yake. Sisi watoto hatukuona kama ni vitu viwili, ilikuwa ni mama yule yule. Tulimzika nalo.

Nimekuambia hilo kwasababu unaona kama kuokota korosho ni kumsaliti Bwana, na nataka ufungue Biblia yako ya Union, 1 Wathesalonike 4, uisome polepole usiku huu badala ya kuimba. Wale watu wa Thesalonike walikuwa na shida yako wewe, yako kabisa. Ilikuwa miaka kama 20 tu hivi baada ya Yesu kupaa, walikuwa wanamtegemea wakati wowote, halafu wapendwa wao wakaanza kufa, wakachanganyikiwa, je hawa waliotangulia watakosa? Paulo anawajibu kuanzia mstari wa 13 kwamba msihuzunike kama wasio na matumaini, na wa 16 anasema waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Kwanza, umesikia? Mwanao hayupo nyuma ya foleni. Hiyo mtumishi amewasomea vizuri, na ndo iliyokupa usingizi, na ni kweli, ishike.

Ila kutoka huo wa 13 rudi juu mistari miwili tu, mstari wa 11. "Tena mjitahidi kutulia, na kutenda shughuli zenu, na kufanya kazi kwa mikono yenu wenyewe." Ni barua ile ile, sura ile ile, kwa watu wale wale wenye makaburi mapya. Paulo hakuwaambia waache kazi maana parapanda inakuja, wala hakuwaambia wasahau parapanda wafanye kazi. Vyote viwili kavisema kwa pumzi moja, nafikiri kwasababu aliwajua, mtu mwenye msiba ukimuachia mbingu peke yake bila kitu cha kushika mkononi anaelea. Baadaye wengine wakaacha kazi kweli, ndo barua ya pili sura ya 3 ikaja kali, asiyetaka kufanya kazi na asile. Na siku Bwana mwenyewe alipopaa, wale waliobaki wanaangalia juu waliulizwa na wale wawili wenye nguo nyeupe, mbona mmesimama mkitazama mbinguni. Matendo 1:11. Walirudi mjini.

Hili la korosho za mwaka huu hatutaziokota nalo tuliongee. Unasema hakutaja tarehe. Mwanangu mtu wa Newala akisema korosho za mwaka huu, ametaja tarehe, kila mtoto hapo anajua tunaanza kuokota mwezi wa tisa wa kumi. Na Yesu amesema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Mathayo 24:36. Mtumishi wenu anaweza kuwa mtu mzuri anayeomba kwa machozi, lakini hapo amepita mahali Bwana mwenyewe alisema hapiti.

Na si wa kwanza. Marekani kulikuwa na mkulima mmoja, William Miller, Mbaptisti, mtu msomaji sana wa Biblia na mnyofu, alizichukua zile siku 2300 za Danieli 8:14 akazihesabu miaka akapata kwamba Bwana anarudi karibu na 1843, ikapita, wenzake wakahesabu upya wakapata tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu waliamini. Wengine waliacha mazao shambani hawakuvuna, wakiona aibu kuvuna na Bwana yupo mlangoni, unaona wanavyofanana na wewe? Usiku ule wakakesha, kukakucha, wakalia. Ndugu zetu Wasabato wanatoka kwenye historia hiyo, na ukiwauliza leo watakuambia kurudi kwa Bwana wanakuhubiri kila siku lakini tarehe hawaweki. Walijifunza kwa machozi. Halafu 2011 mwingine huko huko Marekani, Harold Camping, mtu wa redio, akasema Mei 21, ikapita, akasogeza Oktoba 21, ikapita, mwaka uliofuata akakiri alikosea. Mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka nchi za mbali na kuna watu walikuwa wameshamaliza akiba zao.

Na kuhusu kuuza shamba upeleke madhabahuni, hapo nasema HAPANA kwa herufi kubwa. Uganda kulikuwa na kikundi Kanungu, waliambiwa dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999, wakauza mali wakakabidhi hela kwa viongozi. Mwaka ukageuka, watu wakaanza kuuliza vitu vyao. Tarehe 17 Machi 2000 waliteketea ndani ya kanisa lao, mamia. Mtu anayeamini korosho za mwaka huu hazitaokotwa hela ya shamba lako anaitaka ya nini? Muulize swali hilo kwa heshima, mbele ya watu si pembeni. Tena shamba lenyewe si lako peke yako, ni la bibi mzaa mama, na wewe ni Mmakonde au umeolewa kwa Wamakonde unajua mambo ya upande wa mama, mama yako yupo, wajomba wapo, binti yako huyo wa kidato cha pili ndo anayefuata. Unauza kitu cha watu ambao hawajaulizwa.

Sasa kaa vizuri nikuambie kitu nilichokiona kwenye barua yako, nimeisoma mara tatu na mara ya tatu ndo nimekiona.

Mwaka jana mtumishi alikuwa hajasema neno lolote kuhusu korosho. Mlipuliza. Lakini kwa pampu ya jirani. Yenu ilikuwepo ndani, nzima, mkaenda kuazima. Mwaka huu ya jirani imeharibika, baba watoto akataka kuchukua ile ya kwenye kona, na hapo ndo uliposimama mlangoni ukasema Bwana yu karibu. Ukaniandikia na kitambaa cha puani, kimefungwa kwenye mkanda, kama mtu anayepita tu.

Mwanangu, mimi sidhani kama umeacha salfa kwa ajili ya parapanda. Nadhani hukutaka mtu aiguse ile pampu. Alipoiweka pale kwenye kona ulikuwa ni mwezi wa kupuliza, mwezi wa nane, alikuwa anategemea kuichukua tena asubuhi. Mtu mwingine akiibeba ikatoka mlangoni ndo imekwisha, haitarudi kwenye hiyo kona kama yeye alivyoiacha. Na ulipokuwa unatafuta neno la kumzuia mume wako hukuwa nalo, maana nani angeelewa ukisema usiiguse ni ya mwanangu, mashine ya kupuliza, msimu huu, na mikorosho 70 inasubiri? Neno la mtumishi likaja likakusaidia kusimama. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo unajua. Lakini kama nimepatia, basi Bwana hakugombana na wewe hapo mlangoni, na wewe hukuwa unashindana na mume wako kuhusu imani. Mlikuwa wazazi wawili na kitu cha mtoto wenu katikati, hamkuweza kukitaja.

Umeshawahi kumuuliza yeye analala? Barua nzima umemuandika kama mtu wa salfa na kangomba. Amezika mtoto pia. Wanaume wetu huku wanaonyesha kwa kazi, akishindwa kazi anakwenda kwenye uraka, pombe ya mabibo, huyu wako anahangaika mikorosho isife na binti arudi shule, huko ndo kulia kwake.

Kwahiyo mimi naomba ufanye hivi. Siku ambayo umekula, umelala kidogo, mwite baba watoto, mama yako awepo kama unataka, mwende wote kwenye hiyo kona. Mwambie ukweli wa pampu kwa mdomo wako. Lia ukitaka kulia, na yeye mwache alie. Kile kitambaa kifungue wewe mwenyewe kwa mkono wako, usikifue, kiweke sandukuni kwako na Biblia. Pampu mkabidhi. Afunge kitambaa chake kingine.

Halafu msichelewe. Ule weupe unaouona kwenye maua ni ubwiriunga, hausubiri mtu amalize kuomboleza, na ua likishaungua halishiki korosho. Mtafuteni afisa ugani wa kata aje aone, mengine yatakuwa yamekwenda lakini mikorosho haitoi maua yote siku moja, yanayokuja bado yanaokoleka. Salfa unajua mwenyewe, alfajiri wakati umande upo kwenye majani na upepo umetulia, mkitoka mapema sana ni saa ile ile uliyozoea kutoka kwenye mkesha. Miaka yote wataalamu wa utafiti wa korosho wa Naliendele wametufundisha kwamba mkupuo mmoja hautoshi, baada ya wiki mbili hivi mnarudia. Na huyo wa kangomba, mumeo aongee naye mapema wajue namna ya kurudisha hela yake kidogo kidogo kabla korosho hazijaiva, ukimuachia atakuja kubeba kilo zenu kwa bei ya kuwaliza wakati chama cha msingi kipo na mnada upo. Hela ya shule ya binti mwende mkaongee na mkuu wa shule wote wawili, mkubaliwe kulipa baada ya mnada, wengi huku ndo tunavyofanya.

Mkesha sikuambii uache kuimba. Ila mapumziko kwa huyo mtumishi uchukue, mpaka msimu uishe, na kama ni wa Mungu hatakufuata nyumbani kukutisha. Kafungue moyo kwa padri wako au kwa Mama Umoja wa Kinamama wa hapo kanisani, uwaambie waziwazi mlinizikia mwanangu mkaondoka, Ijumaa usiku nahitaji watu. Nina imani wapo watakaokuja. Na waambie waimbe zile zile za parapanda, kanisa letu linazo.

Unajua hilo kanisa la huku kwetu limeanzaje? 1876, Askofu Steere alitoka Unguja akatembea na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, walikuwa wanarudishwa pande za kwao Nyasa, wakaishia Masasi wakajenga. Wengi wao hawakujua mama zao wapo wapi wala watoto wao waliuzwa bandari gani, hao ndo waliofundishwa kusema atakuja tena kuwahukumu walio hai na wafu, na naamini walisema kwa moyo wote maana nani mwingine angewarudishia watu wao? 1882 Magwangwara, wale Wangoni, wakavamia, wakachukua watu tena. 1905 vita ya Majimaji ikapita, misheni ikaungua. Kila mara waliobaki walilima msimu uliofuata. Bibi yako mzaa mama alipanda mikorosho hiyo kwenye nchi ya watu wa namna hiyo, awe alisali kanisani au msikitini.

Na wewe ombi lako usilibadilishe. Njoo Bwana Yesu, liseme asubuhi na jioni, liseme ukiwa chini ya mkorosho umejaa unga wa njano mpaka kwenye nyusi. Luka 19, yule bwana alipokwenda nchi ya mbali aliwaachia watumwa wake fedha akawaambia "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Akikukuta unapuliza amekukuta ulipo.

Niandikie mwezi wa kumi uniambie mmeokota ngapi, hata kama ni gunia mbili. Niandikie kabla ya hapo kama usiku umezidi. Na mama yako mpe shikamoo yangu, mwambie Shangazi amesema yale maneno ya kupalilia ameyaandika kwenye daftari lake.

Shangazi, Mtwara